Lord & Burnham: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu familia iliyojenga majumba ya vioo ya Marekani

Lord & Burnham ilikuwa kampuni gani?

Ilikuwa kampuni ya kifamilia ya jimbo la New York, Marekani, iliyotengeneza vitalu nyumba vya vioo pamoja na boila za kuvipasha joto. Seremala mmoja aliianza mwaka 1849, mkwewe akaikuza, na ilipofika mwanzo wa karne ya 20 kazi yao ilikuwa imeshasimama Pittsburgh, Buffalo na jijini New York, katika majumba ya mimea ambayo watu huyatembelea hadi leo.

Wengi huikumbuka kwa majumba hayo, na kwa haki kabisa, maana ni mazuri mno. Lakini ukiifuatilia historia yake mwaka hadi mwaka utaona kwamba kilichoiweka hai kampuni hii kwa zaidi ya karne ni kitu ambacho mgeni haonyeshwi akiingia bustanini: boila iliyo chini ya ardhi. Majibu mengi hapa chini yatarudi kwenye jambo hilo.

Mwanzilishi wake alikuwa nani?

Frederick A. Lord, seremala wa Buffalo, mji ulio kando ya Ziwa Erie. Mwaka 1849 alianza kuwajengea majirani zake vitalu nyumba vya mbao na vioo. Ilikuwa kazi ya ziada. Mwaka 1856 ndipo alipoifanya kazi yake kamili na kuanza kutengeneza kwa ajili ya soko.

Miaka ile ya kujengea majirani huwa inatajwa kwa haraka katika simulizi za kampuni, nami naona inastahili zaidi ya hapo. Buffalo hupata theluji nyingi kutokana na pepo zinazovuka ziwa. Paa la vioo lazima libebe uzito wa theluji hiyo, lihimili upepo, na bado lipitishe mwanga wa kutosha katika miezi ambayo jua ni hafifu. Ukiweka mbao nene, jengo linakuwa imara lakini mimea inakaa kivulini. Ukizipunguza, unaleta mwanga lakini paa linaweza kuelemewa. Fundi anayeishi mtaa mmoja na mteja wake hana pa kujificha kioo kikipasuka au maji yakivuja. Nadhani hakuna shule bora kuliko hiyo kwa mjenzi wa vitalu nyumba.

Kwa nini walihama Buffalo?

Waliwafuata wateja. Kampuni ilihamia kwanza Syracuse, kisha Irvington, kijiji kilicho kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Hudson, kaskazini mwa jiji la New York. Mabenki, reli na viwanda vilikuwa vimetajirisha familia nyingi jijini, na familia hizo zilijenga majumba ya kifahari kando ya mto. Kila shamba la namna hiyo lilitaka kitalu nyumba chake: zabibu za mezani, okidi, maua ya kupamba nyumba wakati wa baridi.

Irvington ilikuwa na faida nyingine iliyo wazi. Kiwanda kilikaa kando ya reli na karibu na mto, kwa hiyo mbao, chuma na makaa ya mawe viliingia bila taabu, na bidhaa zikatoka vivyo hivyo.

Burnham aliingiaje kwenye jina la kampuni?

Kwa ndoa. William Addison Burnham alikuwa mkwe wa Lord, naye alijiunga na kampuni mwaka 1872. Mwaka 1883 kampuni ilisajiliwa kwa jina la Lord's Horticultural Manufacturing Company, yaani jina la baba mkwe peke yake. Mwaka 1890 ikasajiliwa upya kuwa Lord & Burnham Company. Ukitazama tarehe hizo, mkwe alifanya kazi karibu miaka 18 kabla jina lake halijaandikwa mlangoni.

Biashara nyingi za kifamilia huvunjika pale mwenye ujuzi anapochoka na warithi hawana hamu. Hapa hali ilikuwa tofauti: mwanzilishi alileta ufundi wa mbao na vioo, na kizazi kilichofuata kikaufanya ufundi huo kuwa kiwanda chenye katalogi, michoro sanifu na wauzaji katika miji mingine. Baadaye kampuni ilikuwa na viwanda pia Des Plaines, Illinois, na St. Catharines, Ontario, nchini Kanada.

Kwa nini kitalu nyumba cha Lyndhurst hutajwa kila mara?

Kwa sababu kilibadilisha mwelekeo wa kampuni nzima.

Lyndhurst ni shamba la kifahari huko Tarrytown, jirani kabisa na Irvington. Mwaka 1880 lilinunuliwa na Jay Gould, tajiri wa reli aliyejulikana Marekani nzima. Mwaka huohuo kitalu nyumba kikubwa kilichokuwepo hapo kiliteketea kwa moto. Gould alipotaka kukijenga upya, Lord & Burnham walimjengea mwaka 1881 kitalu chenye fremu ya chuma na paa lililopinda, ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha aina hiyo nchini Marekani. Urefu wake ni kama futi 380, sawa na takribani mita 116.

Paa lililopinda si pambo tu. Jua la majira ya baridi husafiri chini angani, na kioo kilicholala sana hukirudisha nje kiasi kikubwa cha mwanga wake. Paa la mviringo huwa na sehemu fulani inayolikabili jua vizuri karibu kila saa ya mchana. Theluji nayo huteremka yenyewe kwa urahisi. Na kwa kuwa chuma kina nguvu kuliko mbao za unene uleule, mapao yanaweza kuwa membamba, mimea ikapata mwanga zaidi.

Fremu hiyo bado imesimama. Vioo vimeondoka, ukabaki mifupa ya chuma kwenye nyasi, na ukiwa mtu wa ufundi ndipo mahali pazuri zaidi pa kujifunza, kwa sababu kila kiungo kiko wazi mbele ya macho.

Kwa hiyo chuma kilishinda mbao moja kwa moja?

Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea. Chuma kina matatizo yake ndani ya jengo lenye unyevu na joto. Kinashika kutu. Kinapitisha baridi ya nje hadi ndani, hivyo mvuke wa ndani hugeuka matone juu yake na kudondokea majani, na matone hayo ya baridi huleta magonjwa ya ukungu. Pia chuma hutanuka na kusinyaa kwa kiwango tofauti na kioo, na kioo kilichobanwa vibaya hupasuka.

Suluhisho lao lilikuwa kuchanganya. Chuma kilibeba uzito wa jengo, na mbao ndizo zilizoshika vioo. Mbao waliyoipenda ni ya saipresi inayoota kwenye vinamasi vya kusini mwa Marekani, kwa sababu haiozi upesi hata ikilowa mara kwa mara. Vijiti vya kushikia kioo vilichongwa kwa mifereji midogo pembeni ili matone yateremke ndani yake hadi ukingoni badala ya kuanguka juu ya mimea. Ni maelezo madogo, lakini mtu aliyewahi kupoteza miche kwa ukungu atajua thamani yake.

Mteja mwenye fedha nyingi aliweza kuagiza fremu yote ya chuma. Mkulima wa kibiashara mara nyingi alichukua mfumo wa nusu kwa nusu, au ule wa nguzo za bomba, uliokuwa wa bei nafuu.

Boila ziliingiaje kwenye biashara ya vitalu nyumba?

Katika nchi yenye baridi kali, jengo la vioo bila joto halina kazi kwa miezi kadhaa kila mwaka. Kioo huingiza joto la jua mchana na kulipoteza haraka usiku. Moto ukizimika usiku wa Januari, mkusanyiko wa mimea uliotunzwa kwa miaka mingi unaweza kufa kabla ya mapambazuko. Mteja aliyenunua jengo kwa fundi mmoja na mfumo wa joto kwa mwingine alijikuta katikati ya lawama: huyu anasema boila ni ndogo, yule anasema paa linavujisha joto. Lord & Burnham waliuza vyote viwili, wakabeba dhamana nzima.

Mfumo wenyewe ulikuwa rahisi kwa namna inayovutia. Boila iliwekwa kwenye shimo, chini ya usawa wa mabomba. Maji yakipata moto hutanuka na kuwa mepesi, hupanda, huingia kwenye mabomba mapana ya chuma cha kusubu yaliyopita chini ya meza za mimea, hutoa joto lake polepole, huwa mazito, kisha hushuka yenyewe kurudi kwenye boila. Hakuna pampu, hakuna umeme. Kinachotakiwa ni mwinamo sahihi wa mabomba na hesabu nzuri ya eneo la vioo dhidi ya eneo la bomba. Maji mengi ndani ya mabomba mapana yalikuwa pia akiba: mtunza moto akipitiwa na usingizi kidogo, joto halikuporomoka ghafla kama ambavyo lingefanya kwenye mfumo wa mvuke.

Ujuzi huo haukufungwa ndani ya bustani. Boila inayoweza kuweka jengo la vioo kwenye joto lilelile usiku kucha inaiweza nyumba ya matofali bila shida. Kampuni ikaanza kuuza boila za chuma cha kusubu kwa ajili ya kupasha joto nyumba za watu, na soko hilo halikutegemea matajiri wanaopenda okidi. Kwangu, huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia ya familia hii, ingawa hauna picha nzuri ya kuwekwa ukutani.

Je, wao ndio waliobuni majumba ya vioo?

La. Ulaya ilitangulia kwa miongo kadhaa. Mwaka 1816 Mskoti John Claudius Loudon alitengeneza kijiti cha kushikia kioo, cha chuma kilichofuliwa, ambacho kingeweza kupindwa bila kupoteza nguvu. Joseph Paxton alijenga jumba kubwa la vioo huko Chatsworth, shamba la kifahari nchini Uingereza, kati ya 1836 na 1841, kisha Crystal Palace, jumba la maonyesho la London, mwaka 1851. Uingereza ilifuta kodi ya vioo mwaka 1845, na tangu hapo kioo kikawa bidhaa ya watu wengi zaidi.

Wa kulinganishwa nao kwa haki zaidi ni Richard Turner, mfua chuma wa Dublin. Alijenga mabawa ya jumba la mitende la Belfast, na kati ya 1844 na 1848 akashirikiana na msanifu Decimus Burton kujenga Palm House, jumba la mitende la bustani ya mimea ya Kew, London. Mwanawe William alifanya kazi naye katika majumba ya bustani ya mimea ya Glasnevin, Dublin. Huko nako ujuzi ulipita ndani ya familia. Tofauti ni kwamba karakana ya Turner ilijulikana kwa majengo makuu machache, kila moja na mchoro wake, wakati Lord & Burnham walijifunza kurudia: vipande vilevile, vipimo vilevile, mteja baada ya mteja.

Ni majumba gani ya umma waliyoyajenga?

Ni mengi, nitataja yale ambayo mtu anaweza kuyaona.

Phipps Conservatory ya Pittsburgh ilifunguliwa mwaka 1893, ikiwa zawadi ya Henry Phipps, mshirika wa Andrew Carnegie katika biashara ya chuma. Jumba la South Park huko Buffalo lilifunguliwa mwaka 1900, na hivyo kampuni ikarudi na kazi kubwa katika mji ambao Lord alianzia akiwa seremala wa mtaani.

Lililo kubwa kwa sifa ni la New York Botanical Garden, Bronx, lililojengwa kati ya 1899 na 1902. Mchoraji wake, William R. Cobb, alikuwa mtu wa Lord & Burnham. Kuba lake la mitende lina kimo cha kama futi 90, takribani mita 27. Kufikia miaka ya 1970 lilikuwa limechakaa hadi likazungumziwa kubomolewa, ndipo mfadhili Enid A. Haupt akatoa mamilioni ya dola kulinusuru. Lilifunguliwa upya mwaka 1978 na sasa linaitwa kwa jina lake.

Wateja wao walikuwa matajiri peke yao?

Hapana. Matajiri walileta sifa na picha za katalogi, lakini nyuma yao kulikuwa na wakulima wa waridi, mikarafuu ya maua, letasi na nyanya waliopeleka mazao mijini. Hao hawakutaka makuba. Walitaka majengo marefu, ya sambamba, yenye mwanga na joto la uhakika, na waliilinganisha bei na ya washindani kama Hitchings ya New York, ambao nao waliuza vitalu na boila. Ushindani wa aina hiyo ndio uliosukuma kampuni kupunguza idadi ya vipande na kurahisisha ujenzi.

Jengo lilifikaje kwa mteja aliye mbali?

Kwa treni, likiwa vipande. Mapao, vijiti, mifereji, mikono ya kufungulia madirisha ya paa, meza, mabomba na boila vilitengenezwa kiwandani kwa vipimo vya mchoro, vikafungwa na kupelekwa. Mafundi waliviunganisha kwenye msingi uliojengwa tayari.

Nini kiliwaangusha: vita, kodi au mdororo wa uchumi?

Hakuna kimoja kilichowaangusha, ila vyote viliwapunguza. Kodi ya mapato ya taifa ilirudi Marekani mwaka 1913. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza makaa ya mawe yalikuwa haba, na mwaka 1918 serikali iliwawekea wakulima wa maua kikomo cha nusu ya makaa waliyozoea kutumia. Mdororo ulioanza 1929 ulifuata. Mashamba ya kifahari yakaanza kuuzwa au kugawanywa, na kitalu nyumba ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuachwa mtu anapobana matumizi, kwa sababu kinakula mafuta na mishahara kila siku.

Kampuni iligeukia wateja wadogo. Katikati ya karne ya 20 iliuza vitalu vya nyumbani vilivyokuja tayari kwa kuunganishwa, ikiwemo aina iliyoitwa Orlyt, kwa ajili ya mtu mwenye ua wa kawaida anayetaka kulima maua wakati wa baridi. Ukikumbuka kwamba Lord alianza kwa kuwajengea majirani, Orlyt haikuwa kushuka hadhi hata kidogo.

Kwa nini hatimaye waliuza upande wa vitalu nyumba?

Plastiki ina sehemu kubwa ya jibu. Mwaka 1948 Profesa Emery Myers Emmert wa Chuo Kikuu cha Kentucky, aliyekosa fedha za kununua kioo, alifunika fremu ya mbao kwa karatasi ya plastiki. Mimea ilistawi. Miongo miwili baadaye wakulima walikuwa wakijenga mahandaki ya plastiki kwa sehemu ndogo ya gharama ya kioo. Plastiki hupauka na kuchanika, lazima ibadilishwe, lakini mkulima aliyebanwa na benki hufanya hesabu ya msimu huu.

Kisha bei ya mafuta ikapanda ghafla mwaka 1973, na maua yakaanza kuingia Marekani kwa ndege kutoka Colombia, ambako hali ya hewa haidai boila. Kujenga kioo cha kudumu miaka 80 kukawa biashara ya wateja wachache. Katika miaka ya 1980 Burnham iliuza upande huo, na kazi ikaendelezwa kwa muda chini ya jina la Under Glass.

Boila hazikuuzwa. Kampuni ya Burnham Holdings, yenye makao Lancaster, Pennsylvania, inaendelea kutengeneza vifaa vya kupasha joto majengo kwa jina la yule mkwe.

Je, kuna familia nyingine zilizofanya kazi hii?

Zipo. Mfano ninaoupenda ni Hartley wa Uingereza, biashara iliyoanzishwa na ndugu wawili mwaka 1938 na kujulikana kwa vitalu nyumba vya alumini. Alumini haishiki kutu na haiozi, hivyo iliondoa mvutano wa zamani kati ya chuma na mbao. Bado hupitisha baridi, na kwa hiyo matone bado ni suala la kushughulikiwa.

Nina kitalu cha zamani. Nitajuaje kama ni chao?

Anza na chuma. Kagua mitambo ya kufungulia madirisha ya paa, vishikio vya mapao na mlango wa boila. Mara nyingi jina la mtengenezaji lilisubiwa kwenye chuma chenyewe, na rangi nyingi za miaka hulificha. Sugua taratibu kwa brashi, usitumie msasa wa mashine. Angalia kama vijiti vya mbao vina mifereji ya pembeni. Usiondoe kioo hata kimoja kabla ya kupiga picha za viungo vyote, maana puti ya zamani mara nyingi ina risasi na fremu iliyochoka inaweza kuwa inashikiliwa na vioo vyenyewe.

Baada ya hapo tafuta michoro. Maktaba ya New York Botanical Garden inahifadhi michoro ya kampuni kwa maelfu, ya majumba makubwa na ya vitalu vya nyumbani pia. Ukijua mji na jina la mmiliki wa mwanzo wa shamba, una pa kuanzia.

Kiwanda cha Irvington kiko wapi sasa?

Jengo lao la matofali la mwaka 1881 bado lipo kando ya reli, na limo katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Ndani yake kuna maktaba ya umma ya kijiji, na sehemu nyingine ni makazi ya watu. Kutoka hapo Lyndhurst si mbali. Anayetaka kuona fremu ya Gould na kiwanda kilichoitengeneza anaweza kufanya yote mawili kwa siku moja.